Wewe ni Mtu wa Wapi? Somo la Kujijua kutoka Kasese na Bwera

 

Mwezi huu tunataka tuongee juu ya swali moja ambalo kila mkimbizi amelijibu mpaka amechoka: "Wewe ni mutu wa wapi?" Wengi wetu tuliulizwa hivyo tulipovuka Mpondwe na kuingia Bwera. Tukaulizwa tena na mwenye nyumba ya kupanga, na mwenye boda, na mwalimu wa watoto, na afisa mwenye kompyuta. Na tuseme ukweli, jibu halikuwa moja kila mara. Kwa mwenye nyumba mtu anasema yeye ni wa Kasese, ili bei isipande. Sokoni anasema ni mfanyabiashara wa Butembo. Mbele ya afisa anakuwa mkimbizi. Usiku akilala, anajiuliza: sasa mimi ni nani kweli?

Kuna watu watasema hili ni jambo la walioshiba. "Sisi tunatafuta posho, ninyi mnatuletea mambo ya nafsi!" Lakini tumeona wenyewe hapa kambini. Kijana asiyejua yeye ni nani anavutwa na kila kundi linalopita. Baba aliyepoteza kazi yake ya zamani anaona amepoteza na utu wake, anaingia kwenye pombe. Mtoto anaona haya mama yake akiongea mbele ya wenzake wa shule. Haya yote yanatoka mahali pamoja: mtu hajajijua, au amejijua lakini hajajikubali.

Basi tukatafuta mfano wa karibu, na tumeupata palepale tulipopita, Kasese na Bwera. Watu wa milima ile wameulizwa swali hili kwa zaidi ya miaka mia moja. Historia yao ina mazuri ya kuiga, na ina mabaya ya kuogopa.

MLIMA MMOJA, MAJINA MAWILI

Bwera iko wilaya ya Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Mto Lhubiriha ndio mpaka. Ng'ambo hii ni Mpondwe, ng'ambo ile ni Kasindi, Kongo. Mwaka 1910 wazungu walikaa Brussels, wakagawana nchi hizi. Waingereza wakachukua upande wa mashariki wa mlima, Wabelgiji upande wa magharibi. Kilele kirefu, Margherita, chenye mita 5,109 na theluji mwaka mzima, kikawa kwenye mstari wenyewe. Watu waliokuwa wakiishi kuzunguka mlima huo hawakuulizwa kitu.

Watu hao ni wamoja. Uganda wanaitwa Bakonzo. Kongo, kule Beni, Lubero na Butembo, wanaitwa Banande. Wenyewe kwa wenyewe wanajiita Bayira. Lugha yao, Lhukonzo na Kinande, ni moja yenye tofauti ndogo. Mwanamke wa Beni akifika sokoni Bwera hahitaji mtu wa kumtafsiria.

Hata majina yanatoa ushahidi. Katika kabila hili mtoto hapewi jina la baba. Anapewa jina kufuatana na nafasi yake ya kuzaliwa. Binti wa kwanza anaitwa Masika, pande zote mbili. Mwana wa kiume wa pili upande wa Uganda anaitwa Bwambale, upande wa Kongo anaitwa Kambale. Kule wa Kasese ni Kakule wa Butembo. Thembo ni Katembo. Biira ni Kavira, na Mbambu ni Kahambu. Mpaka uliongeza "ka" na kubadilisha matamshi, lakini jina lenyewe haukuweza kuliondoa.

WALIPOITWA KWA JINA LA WENGINE

Upande wa Uganda, Waingereza walipofanya mapatano na ufalme wa Toro mwaka 1900, Bakonzo na jirani zao Baamba wakawekwa chini ya ufalme huo. Machifu wakatoka Toro, kodi ikapelekwa Toro. Mwaka 1919 Bakonzo wakaanza kupinga. Viongozi wao watatu, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, walikamatwa na kuuawa mwaka 1921. Mpaka leo majina hayo yanatajwa milimani.

Lakini kidonda kikubwa zaidi hakikuwa cha kodi. Kilikuwa cha haya. Shuleni na kanisani lugha iliyotumika ilikuwa Kitoro. Mtoto wa Kikonzo alifika darasani akakuta lugha ya mama yake haina nafasi. Aliyetaka kuendelea na masomo au kupata kazi aliona heri aitwe Mtoro kuliko kuchekwa kama mtu wa mlimani. Wengine walichukua majina ya Kitoro. Wakirudi nyumbani likizo, wanaongea Lhukonzo na bibi. Wakishuka mjini, wanaficha.

Hatusemi haya ili tuwachukie Batoro. Hapana. Wengi wetu tuliovuka Mpondwe tulipelekwa Kyaka II au Rwamwanja, na watu wa maeneo hayo ya Toro walitupokea na kutupa ardhi ya kulima. Tunasema kwa sababu tunaijua hali hiyo. Ukiishi miaka mingi ukijificha, mwisho unaanza kuamini kwamba kile unachokificha ni kibaya. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Mtu anaweza kukuita jina lolote, na bado ukabaki mzima. Siku utakapoanza wewe mwenyewe kuona aibu ya jina lako, ndipo umeumia.

MWALIMU ALIYEWAULIZA WAZEE

Sasa tuone dawa ilianzaje. Haikuanza na mkutano mkubwa. Katika miaka ya 1950 alikuwako mwalimu wa shule ya msingi, Isaya Mukirane. Yeye na wenzake wakaunda chama cha kutafiti historia ya maisha ya Bakonzo. Kazi ya chama ilikuwa nyepesi kuisema: kukusanya habari za watu wao, mila zao na historia yao. Mwaka 1954 alifika kijana Mwingereza, Tom Stacey, aliyetaka kuzunguka milima ile. Mukirane akatembea naye kama kiongozi wa njia na mkalimani. Stacey baadaye aliandika kitabu juu ya watu hao.

Tunaomba msomaji asipite hapa haraka. Watu walikuwa wamedharauliwa kwa miaka hamsini. Jambo la kwanza walilofanya ni kuuliza wazee na kuandika. Yaani kabla ya kudai chochote kwa mtu mwingine, walitaka kwanza wajue wenyewe wanadai nini. Kujijua ni kazi ya mikono na masikio. Hakushuki kutoka mbinguni mtu akiwa amelala.

Baada ya hapo ndipo wakaenda kudai. Mwezi wa Machi 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, Mukirane, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya walikuwa wajumbe katika baraza la Toro. Waliomba katiba ya ufalme iseme wazi kwamba Bakonzo na Baamba ni watu wa Toro sawa na Batoro. Ombi likakataliwa. Wakatoka nje ya baraza pamoja na wenzao. Viongozi hao watatu wakakamatwa. Mwaka huohuo milimani ukatangazwa utawala wa Rwenzururu, jina linalotokana na neno lao la theluji. Baadaye Mukirane akawa mfalme wake, au Omusinga kwa lugha yao.

Vita vya msituni vilifuata, vya miaka ishirini. Watu wengi wa pande zote waliteseka. Mukirane akafa mwaka 1966 akiwa bado mlimani. Mwaka 1974 serikali ya Idi Amin ikawatengea Bakonzo na Baamba wilaya zao, ambazo leo ni Kasese na Bundibugyo. Mwezi wa Agosti 1982, baada ya mazungumzo na serikali ambayo mwanasiasa Amon Bazira alishiriki sana, watu wa Rwenzururu walishuka na kuweka silaha chini. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ikawaandika Bakonzo kwa jina lao katika orodha ya makabila ya nchi. Jina lililokuwa linafichwa darasani sasa liko kwenye katiba.

MFALME ALIYEWAHUDUMIA WAZEE WA WATU

Hapa tunafika kwa mtu ambaye habari yake inatugusa sisi wakimbizi kuliko wengine wote.

Mukirane alipokufa, mwanawe Charles Wesley Mumbere alirithi akiwa bado kijana mdogo wa miaka 13 hivi. Akakulia mlimani kama mfalme asiye na mji. Baada ya kushuka mwaka 1982, serikali ilimpeleka Marekani mwaka 1984 kusoma. Lakini utawala wa Uganda ulipobadilika, msaada wa masomo ukakatika. Akabaki ugenini bila pesa. Akaomba hifadhi ya kisiasa, akapewa. Ndiyo, ndugu msomaji, umesoma vizuri: Omusinga wa Rwenzururu alipata kuwa mtu wa kuomba hifadhi kama wewe na mimi.

Akafanya nini? Alijifunza kazi ya msaidizi wa wauguzi. Miaka mingi alifanya kazi hiyo katika nyumba za kulelea wazee, kwanza sehemu za karibu na Washington, halafu Harrisburg katika jimbo la Pennsylvania. Tunajua kazi hiyo ni ipi. Ni kuwaosha wazee, kuwavalisha, kuwalisha, kuwageuza kitandani usiku. Wengi aliowahudumia hawakujua kwamba anayewashika mkono ni mfalme. Alinyamaza juu ya jambo hilo mpaka mwaka 2009, alipoliambia gazeti la mji ule.

Mwaka huohuo serikali ya Uganda ikautambua ufalme wa Rwenzururu kama taasisi ya mila. Tarehe 19 Oktoba 2009 akatawazwa Kasese, na Rais Museveni alikuwepo.

Hebu tujiulize: yule mtu aliyekuwa akiosha wazee Harrisburg, na yule aliyevikwa taji Kasese, ni watu wawili? Hapana, ni yuleyule. Kazi ya Harrisburg haikumpunguza. Hakulazimika kuitangaza hadhi yake kila asubuhi ndipo aijue. Alifanya kazi iliyopatikana, akala jasho lake, na ndani yake akajua ametoka wapi.

Hapa kambini tunao walimu wenye diploma ambao leo wanalima kwa siku kwenye mashamba ya watu. Tunao wauguzi wanaouza nyanya. Tunao waliokuwa na duka Beni au Oicha, leo wanasukuma toroli. Baadhi wanasema, "Mimi si kitu tena." Ndugu, kazi unayofanya leo inaonyesha hali uliyomo. Haionyeshi mwisho wa habari yako. Mwalimu anayelima bado ni mwalimu. Jioni akiwakusanya watoto watano wa jirani na kuwafundisha hesabu chini ya mwembe, ualimu wake unapumua.

Na tuongeze jambo moja. Kujikubali si kukaa ukisema, "Zamani nilikuwa mtu mkubwa," ukikataa kazi ndogo. Huko ni kujificha pia, unajificha nyuma ya jana. Mumbere hakukaa Marekani akingojea kuhudumiwa kama mfalme.

ONYO LA MWAKA 2016

Kama tungeishia hapo tungekuwa tumewapa nusu ya ukweli. Mwezi wa Novemba 2016 Kasese ililia. Kulikuwa na mvutano mkubwa kati ya serikali na watu wa ufalme. Tarehe 26 na 27 kulitokea mapigano, na jeshi na polisi wakaivamia ikulu ya mfalme mjini Kasese. Shirika la Human Rights Watch lilisema watu zaidi ya 100 waliuawa, na walikuwemo watoto. Polisi nao walikufa. Omusinga alikamatwa, akashitakiwa, akakaa miaka mingi mbali na nyumbani. Mwezi wa Juni 2023 mashitaka yaliondolewa, na Oktoba mwaka huo akarudi Kasese.

Sisi gazeti letu haliingii katika siasa, wala hatuhukumu nani alikosa. Lakini wazazi tuna la kujifunza. Jambo la "sisi ni nani" lina moto ndani yake. Moto unapika chakula, na moto unachoma nyumba. Sisi tuliotoka Beni, Ituri, Masisi au Minembwe tunajua zaidi ya wengi. Tumeona vijana wakiambiwa kwamba kulipenda kabila lao ni kumchukia jirani. Tumezika watu kwa sababu ya uongo huo.

Kwa hiyo tupime hivi. Mtu aliyejikubali kweli anapumzika. Hana haja ya kumshusha mwingine ili yeye apande. Ukimwona mtu anapiga kelele kila siku juu ya ukuu wa kabila lake na ubaya wa jirani, ujue huyo bado ana hofu ndani. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, walisema wazee, na anga linawatosha wote.

NA SISI JE?

Wasomaji wetu si wote Banande. Tuna Bahema, Balendu, Babembe, Banyamulenge, Barundi, na ndugu wa Sudan Kusini. Lakini mambo yafuatayo yanatuhusu wote.

La kwanza ni jina. Wengine walipovuka walitoa jina lisilo lao. Kuna aliyeogopa, kuna aliyeshauriwa vibaya, na kuna ambaye jina lake liliandikwa vibaya tu na yeye akanyamaza. Halafu wako Banande walioambiwa wataje jina la familia, wakati kwao Kambale, Kavira na Katembo ni watoto wa baba mmoja bila jina la pamoja. Wengine wakabuni moja palepale.

Madhara yake ni makubwa. Tuchukue mfano. Mama amepotezana na mwanawe wakati wa kukimbia. Anakwenda Msalaba Mwekundu kumtafuta, anataja jina, kijiji na mwaka wa kuzaliwa. Mtoto naye yupo, yuko hai kambi nyingine, lakini karatasi yake ina jina lingine na kijiji kingine. Wote wawili wanalia, na karatasi haziwezi kuwakutanisha. Jina la kweli ni kamba. Ukiikata, hujui ni nani alikuwa anakuvuta upande wa pili.

Kama jina lako au la mtoto limekosewa, usikae nalo. Nenda ofisi ya OPM au ya HCR inayoshughulikia ulinzi, ueleze taratibu, uende na cheti chochote ulicho nacho. Ukienda mapema ni rahisi kuliko kungoja mpaka siku ya mtihani au ya safari. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Uganda iliukubali mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 7 na cha 8 kwamba mtoto ana haki ya kuwa na jina, na ya kuhifadhi utambulisho wake na uhusiano wa familia yake. Kwa hiyo ukiomba jina la mtoto lisahihishwe, unaomba haki yake.

La pili ni kujifanya raia. Huko Bwera na Kasese, Mnande anaweza kupita kama Mkonzo bila mtu kushituka, maana lugha ni moja. Wengine wanashawishiwa kuchukua kitambulisho cha taifa. Tunaelewa kwa nini, kwa sababu neno "mkimbizi" linauma. Lakini kutoa habari za uongo ili upate kitambulisho ni kosa la sheria, na siku moja alama za vidole zinasema ukweli. Wengi wanakumbuka uhakiki wa mwaka 2018. Tena huhitaji kujificha hivyo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea nchini, na kufanya kazi. "Mkimbizi" ni neno linaloeleza kilichokupata. Halielezi wewe ni nani, lakini pia si tusi.

La tatu: kuna watu wana sababu nzito ya kutosema kila kitu. Kuna anayetafutwa, kuna mama aliyetendewa ukatili, kuna anayeogopa watu waliovuka naye. Kujikubali hakuna maana ya kutangaza mambo yako sokoni. Useme ukweli wako mahali penye usalama, kwa mtu anayeweza kutunza siri. Mengine ni yako. Hata Mumbere alinyamaza miaka mingi, lakini hakusahau.

La nne ni lugha ya watoto. Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda unataka watoto wa P1 mpaka P3 wafundishwe kwa lugha ya eneo. Kwa hiyo mtoto wetu anarudi nyumbani na Kitoro au Kinyankole mdomoni, halafu Kiingereza. Wazazi wengine wanakasirika: "Mutoto wangu amepotea!" Hajapotea. Mkonzo wa leo wa Kasese anaongea Lhukonzo, anaelewa Kitoro, anauza kwa Kiswahili, anasoma kwa Kiingereza, na bado ni Mkonzo. Mtoto anapotea pale anapoambiwa kwamba lugha moja ni ya watu na nyingine ni ya washamba. Mfundishe yako kwa upole, na umsifu kwa ile mpya.

La tano, wewe ni zaidi ya kabila. Kuna mtu mpole katika familia ya watu wakali. Kuna binti anayependa kutengeneza baiskeli na redio. Kuna kijana ambaye masomo yamemshinda, lakini mikono yake inajua mbao. Kuna aliyepoteza mguu, na aliyebaki mjane na watoto sita. Mara nyingi tunamlazimisha mtu wa hivyo avae nguo ya mwingine. "Kwa nini huko kama kaka yako?" Neno hilo linafanya kazi ileile iliyofanywa na ile shule ya zamani ya milimani: linamwambia mtoto kwamba ili apendwe, lazima awe mwingine. Tuliache.

TUNAWEZA KUFANYA NINI NYUMBANI?

1. Nunua daftari moja. Mfuate mzee mmoja wa familia kama Mukirane na wenzake walivyofanya. Andika jina lake kamili, majina ya wazazi wake, kijiji, mto wa karibu, kazi yao, walipokimbia mara ya kwanza. Wazee wanaondoka, na kila mmoja anaondoka na habari zake.

2. Mweleze kila mtoto maana ya jina lake, na nani alimpa. Kama jina limekosewa kwenye karatasi, ajue lile la kweli.

3. Chagua saa moja kwa siku ya kuongea lugha yenu nyumbani. Wakati wa kula unafaa.

4. Muulize mwenzako, mume au mke, "Zamani ulikuwa unafanya kazi gani uliyoipenda?" Halafu tafuteni njia ndogo ya kuifanya hapa, hata kama haina malipo.

5. Mpeleke mtoto amsalimie jirani wa kabila lingine, naye aulize majina yao yana maana gani. Mtoto anayejua jina lake na la jirani yake si rahisi kudanganywa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

Baba au mama asome, wote wajibu, hata wadogo:

- Ni kitu gani juu yako umewahi kukiona haya, na leo unaona hakina aibu?
- Ni jina gani watu wamekuita ambalo si lako? Ulijisikiaje?
- Kama leo ungefanya kazi ambayo hakuna anayeiheshimu, ni kitu gani ndani yako kisingebadilika?
- Je, katika nyumba hii tumewahi kumdharau mtu kwa lugha au kabila lake? Tufanye nini?

Ndugu wasomaji, wazee walisema mkataa kwao ni mtumwa. Sisi hatukukataa kwetu. Tulifukuzwa kwa risasi na mapanga. Tangu mauaji ya Beni yaanze mwaka 2014, wengi walivuka Mpondwe wakiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Vitu vilibaki nyuma, lakini jina, lugha na moyo wako vilivuka pamoja nawe, na hakuna askari wa mpakani aliyevikagua. Safari hii mtu akikuuliza, "Wewe ni mutu wa wapi?", vuta pumzi kidogo, halafu jibu bila haya.

Mbaki na amani. Tukutane tena mwezi ujao.